Mayai Mawili kwenye Sahani ya Joyline

Mwalimu Persis Masese amefundisha katika shule yetu miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kunisikiliza. Mimi ni Roselyne, mwalimu wa Gredi ya Nne. Darasa langu na lake la Gredi ya Sita yanatenganishwa na ukuta wa mbao uliopasuka kwa juu, kwa hiyo nasikia kila anachosema. Najua wakati anapokasirika, maana huanza kusema polepole. Najua pia kwamba hajui kuimba, ingawa kanisani kwao hakuna aliyewahi kupata ujasiri wa kumwambia.

Naandika habari zake kwa sababu mwaka jana, wiki ya mtihani, alinigombeza jikoni mbele ya mpishi, na haki ilikuwa yake. Jambo hilo nimekaa nalo miezi kadhaa. Nimejaribu kulichukia, limenishinda.

Persis ni mzaliwa wa upande wa Nyamira, binti wa wakulima wa majanichai, akaolewa huku kwetu kati ya Ogembo na Tabaka. Mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na angeweza kumweka nyumbani akakaa vizuri. Hakutaka. Alipewa darasa la watahiniwa mwaka wake wa tatu wa kazi na hajaliachilia tangu hapo. Walimu wakuu wanne wamekuja wakaondoka, yeye yupo na watahiniwa wake.

Ana taratibu zake. Ikifika Oktoba anatembelea nyumba ya kila mtahiniwa, kwa miguu, na viatu vya mpira kama mvua imenyesha. Hazungumzi habari za alama. Anauliza mtoto analala wapi, taa iko wapi, nani anamtuma maji kabla ya kukucha. Mzazi akijaribu kumwandalia chai ili kumpoza, anainywa chai yote kisha anauliza maswali yale yale upya. Wiki ya mtihani hakuna mtoto wake anayetumwa kuchuma majani, na mzazi anayethubutu anajua ataamkia kumkuta Persis kwenye lango lake.

Halafu kuna penseli. Jumapili kabla ya mtihani, watahiniwa wote huenda kwake, naye huketi barazani na wembe akachonga penseli moja baada ya nyingine, mbili kwa kila mtoto. Kichongeo hakitaki, anasema kinakula penseli na kuacha ncha dhaifu. Kila ncha anaijaribu kwa kuichora nyuma ya mkono wake. Kufikia jioni mkono ule umejaa mistari, na Jumatatu anakuja nao shuleni hivyo hivyo.

Penseli hizo huwa zimekwisha kuombewa. Ijumaa inayotangulia ndiyo siku yetu ya maombi. Wazazi huja wamevaa nguo za kanisani, penseli zote huwekwa ndani ya karai, na mzee wa kanisa la Wasabato huomba, kisha katekista wa Wakatoliki naye huomba, maana hakuna anayekubali mwenzake aonekane amewaombea watoto zaidi. Mwaka jana katekista alipitisha nusu saa. Mtoto mmoja alizimia kwa jua, tukasema ni Roho.

Sasa niseme jambo ambalo linaniudhi hadi leo. Mtihani huu wa Gredi ya Sita si ule wa zamani. Ule wa darasa la nane ulikuwa mlango, uufungue au ubaki nje, na nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya alama tatu. Huu wa sasa hakuna anayeufeli. Kila mtoto anaendelea Gredi ya Saba, na Gredi ya Saba iko kwenye uwanja huu huu, nyuma ya tangi la maji. Ni hatua arobaini. Nimezihesabu mwenyewe. Lakini sisi tulibadilishiwa mtihani bila kubadilishiwa hofu. Karai ni lile lile, maombi ni yale yale, na mambo tuliyokuwa tukiwafanyia watoto wa darasa la nane tuliendelea kuwafanyia hawa, bila kujiuliza ni kwa nini.

Mojawapo ya mambo hayo ni kuficha. Kwetu, mtahiniwa akifiwa wiki ya mtihani haambiwi. Ukoo unanyamaza, majirani wananyamaza, walimu wananyamaza, mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Tunasema ni kwa upendo, na nadhani ni kweli, upendo umo.

Mwaka wa 2012 tulimfanyia hivyo mvulana anayeitwa Ogari. Mama yake alifariki Jumatatu, mtihani ukaanza Jumanne. Persis mwenyewe ndiye aliyemchukua akakae nyumbani kwake siku hizo, akamwambia ni ili asome kwa utulivu. Alhamisi mtihani ukaisha, kijana akaondoka kwenda kwao mbio mbio, ameshika kadi za kumtakia heri. Kwa mbali akaona hema limesimamishwa uani, na magari, na watu wengi. Akadhani ni sherehe yake ya kumaliza shule. Aliingia pale anacheka. Alimuuliza shangazi yake soda ziko wapi.

Alipata alama mia tatu sabini na nane, akaenda shule nzuri. Sisi tukajipongeza. Miaka minane baadaye Persis alikutana naye kituo cha magari pale Masimba, mwanamume mzima, akamuuliza habari za kazi. Ogari alimjibu vizuri, kwa heshima, halafu akamwambia, "Mwalimu, wiki ile mpishi alikuwa ananipa chapati mbili, wengine moja. Mimi nikafikiri ni kwa sababu mnanipenda." Gari lake likaja, akapanda.

Persis alinieleza hayo keshoye, akizungumza polepole. Nilimwambia kijana ana kinyongo tu, alama si alizipata? Aliinuka akarudi darasani kwake.

Basi, mwaka jana alikuwepo Joyline, mtoto mwembamba wa miaka kumi na miwili, anayesoma huku midomo ikitembea. Baba yake alikufa angali mdogo, mama akaolewa kwingine, yeye akabaki na nyanya yake Nyanchama. Joyline humwita magokoro, kama watoto wetu wote wanavyomwita nyanya. Nyanchama alifanya kazi ya kusugua mawe ya Tabaka. Wanaume wakishachonga sanamu ya kiboko au sahani ya jiwe, wanawake huketi na beseni la maji na msasa, wakasugua mpaka jiwe ling'ae. Miaka arobaini aliifanya kazi hiyo. Mikono yake ilikuwa na unga mweupe ulioingia kwenye mikunjo ya vidole, hautoki hata kwa sabuni ya kuogea siku ya Sabato. Joyline alijifunza kuhesabu kwa viboko vidogo vya jiwe, ambavyo nyanya yake alivipanga kumi kumi kwenye gunia.

Jumapili ile ya penseli, wakati Joyline yuko barazani kwa Persis, Nyanchama alianguka kando ya beseni lake. Walimpeleka hospitali. Joyline aliporudi alikuta nyumba imefungwa na baba yake mdogo, Obadiah, ambaye ni mzee wa kanisa, anamsubiri mlangoni. Alimwambia magokoro ameenda Nyamira kumwona binti yake aliyejifungua, na kwamba yeye atalala kwao mpaka mtihani uishe.

Jumatatu kabla ya kengele Obadiah alikuja ofisini. Tulikuwemo mwalimu mkuu Ochoki, Persis na mimi. Alisimama na kofia mkononi.

"Daktari anasema moyo umechoka," alisema. "Hana siku nyingi. Na anauliza huyo mtoto. Kila akiamka anauliza, Joyline ametoka shule? Mimi namwambia bado iko mtihani. Naomba tu, walimu wangu, hii kitu isimfikie mpaka Jumatano."

Mwalimu mkuu alinitazama, maana mimi ndiye ninayesimamia chakula cha watahiniwa na sina adabu ya kukaa kimya. Nikasema, "Siku tatu tu. Tumeshafanya hivyo hata kwa jambo kubwa kuliko hili." Hayo ndiyo maneno yangu, sitayabadilisha. Nilimgeukia Persis. Alikuwa anautazama ule mkono wake wenye mistari ya penseli. Ochoki akasema basi tumekubaliana.

Siku hiyo Joyline alifanya Hisabati na Kiingereza. Wakati wa mapumziko alimfuata Persis akamwambia, "Mwalimu, magokoro amesahau kitambaa chake cha kichwa. Hawezi kwenda safari bila hiyo." Persis akamwambia atakirudia.

Chakula cha mchana kilikuwa wali na yai moja la kuchemsha kwa kila mtahiniwa. Wazazi walikuwa wamechanga mayai. Joyline alipofika mbele yangu nilimwekea mawili. Sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe, na moyoni nilijisikia mtu mwema sana. Jumanne, baada ya Sayansi na Kiswahili, nikamwekea mawili tena.

Persis alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Alitazama sahani ya Joyline, akatazama za wenzake, kisha akaingia akasimama mbele yangu. Joyline alikuwa ameenda kuketi chini ya paa la darasa na wenzake.

"Roselyne," alisema polepole. "Umempa mangapi?"

"Mawili. Mtoto mwenyewe ni mwembamba."

"Umempa la pili la nini?"

Mpishi akaacha kuosha sufuria.

"Tunamlipa," alisema. "Tumemnyang'anya kitu na tunamlipa kwa yai. Halafu akija kujua, atakumbuka yai." Alimtazama Joyline kule alikoketi. "Mimi nilimlaza Ogari nyumbani kwangu. Nilimfunika blanketi na nikamwambia lala salama, na najua mama yake yuko mochari. Sifanyi tena. Nimekaa kimya jana kama mjinga, sikai leo."

"Na akianguka kesho?" nikamuuliza. "Akichanganyikiwa akatia alama ovyo?"

"Atie ovyo! Akienda Gredi ya Saba na alama ovyo ataenda wapi? Si hapo nyuma ya tangi?"

Hizo hatua arobaini mimi ndiye niliyekuwa nikizitaja kila siku chumba cha walimu, nikiwacheka wazazi.

Persis alimpigia Obadiah simu, akaja na pikipiki. Waliongea chini ya dirisha la ofisi. Obadiah hakuwa mtu mbaya, na niseme hivyo ili asieleweke vibaya. Alikuwa amekaa hospitalini siku mbili bila kubadilisha shati.

"Mwalimu, wacha mtoto amalize," alisema. "Imebaki kesho tu. Kesho mchana namchukua mwenyewe."

"Kesho mchana atakuwepo wa kumwona?"

Obadiah akavua kofia.

"Wewe ulimuaga mama yako?" Persis akamuuliza.

"Niko naye kila siku."

"Basi wewe unamuaga kila siku. Huyu amedanganywa kwamba mtu wake ameenda kumwona mtoto mchanga. Mzee wangu, nakuheshimu, na nimekaa nyuma yako kanisani miaka mingi. Nipe ruhusa nimwambie. Usiponipa nitamwambia hivyo hivyo, halafu uende kunishtaki kwa mwalimu mkuu."

Obadiah alifuta uso kwa kofia. Nilidhani atakasirika. Alisema tu, "Anauliza kila akiamka, mwalimu. Mimi nimechoka kumwambia bado."

Persis alimwita Joyline kando, pale penye ndizi nyuma ya ofisi, nami nikafuata kwa sababu miguu ilinipeleka. Alichuchumaa ili nyuso zao zilingane. Alimwambia, "Joyline, magokoro hakwenda Nyamira. Yuko hospitali tangu Jumapili. Ni mgonjwa sana na hawezi kupona. Anakuuliza wewe. Kesho una karatasi mbili. Unaweza kwenda kumwona sasa na mimi, au unaweza kwenda kesho ukimaliza. Ukichagua kesho hakuna atakayekulaumu, lakini sijui kama atangoja."

Mtoto hakulia. Alisema, "Nilijua hawezi kuacha kitambaa." Halafu akasema, "Twende sasa." Walipitia kwao kwanza wakakichukua.

Yaliyotokea hospitalini nimeyapata kwa Persis. Saa za kutazama wagonjwa zilianza saa kumi. Nyanchama alikuwa macho. Alipomwona Joyline na sare ya shule alijaribu kuketi, akashindwa, akauliza kwa ukali wake wa kawaida, "Mtihani imeisha?"

"Bado, magokoro. Iko kesho."

"Sasa umekuja kufanya nini hapa? Mwalimu, umemtoa huyu ndani ya mtihani?"

"Hapana, mama. Ya leo imeisha. Amekuja kukusalimia tu."

Mama mzee akatulia. Joyline akamfunga kile kitambaa, taratibu, kwa sababu ya mipira iliyokuwa puani. Kisha akamshika mkono na kuutazama muda mrefu. Wauguzi walikuwa wamemwosha vizuri, tena na tena, na ule unga mweupe ulikuwa umetoka. Joyline alikuwa hajawahi kuiona mikono ile bila unga.

"Mikono yako imekuwa safi," alisema.

"Wameniharibu," Nyanchama akasema, na Persis anasema walicheka wote watatu, mama mzee akicheka bila sauti.

Aliuliza waliulizwa nini kwenye mtihani. Joyline akamwambia swali moja la Jumatatu, la mwanamke aliyekuwa na ndizi akazigawa kwa kapu. Nyanchama alifumba macho akahesabu kwa vidole juu ya shuka, kumi kumi, kama alivyokuwa akipanga vile viboko. Akatoa jibu. Joyline akasema ndilo hilo hilo aliloandika. Waliendelea hivyo kwa maswali yote ambayo mtoto aliyakumbuka, na yale ya Sayansi mama mzee alisema hayana maana. Saa kumi na mbili kengele ililia. Alimwambia Joyline aende akalale mapema. Alimwambia pia maneno mengine kwa Ekegusii, lugha yetu, sikioni, na hayo Persis hakuyasikia.

Jumatano asubuhi niliwahi kufika shuleni kuliko siku zote. Joyline alikuja macho yamevimba, penseli mbili mkononi. Karatasi ya kwanza alifanya. Karatasi ya mwisho ilianza saa nne na nusu. Saa tano kasoro dakika kumi simu ya mwalimu mkuu ikalia, akasikiliza, akatoka nje akatuita Persis na mimi. Nyanchama alikuwa amefariki.

Ochoki alisema labda tumwache mtoto afike nyumbani kwanza, aambiwe na watu wake. Persis hakubishana naye. Alienda akasimama penye kamba tuliyofunga kuzuia watu wasikaribie vyumba vya mtihani, akangoja pale akiwa wima kwa karibu saa nzima. Mimi nilikuwa jikoni napakua. Nilimwekea kila mtoto yai moja. La Joyline lilikuwa moja.

Kengele ilipolia wenzake walitoka wakipiga kelele, wakirusha kofia, mtihani umekwisha. Joyline alitoka mwisho. Alimwona Persis, akaja moja kwa moja kwake, na mimi nikaacha mwiko nikaenda nikasimama karibu.

"Magokoro amekufa?"

"Ndiyo," Persis akasema. "Amekufa leo asubuhi."

"Ulijua nikiingia?"

"Hapana. Ulikuwa ndani tayari. Simu ilikuja saa tano kasoro dakika kumi, nikaja kusimama hapa."

Joyline alimtazama usoni, na nikaona anaamini. Mtu aliyemwambia kweli jana hakuwa na sababu ya kumdanganya leo. Ndipo akageuka akanitazama mimi, na mimi hakuniamini. Ningeweza kukaa kimya, Persis hangesema neno.

"Leo sikujua," nilimwambia. "Lakini Jumatatu nilijua anaumwa. Mimi ndiye niliyesema ufichwe. Nisamehe, mtoto wangu."

"Najua, mwalimu," alisema. "Ulinipa mayai mawili."

Kisha akaanza kulia, na Persis akaketi naye chini kwenye nyasi, akiwa na sketi yake nzuri ya siku za mtihani, mpaka Obadiah alipokuja.